Mwongozo kamili: kuwa fundi umeme wa kuitwa tena ukiwa bado mwanafunzi

Wiki yangu ya kwanza ya fildi bosi alinituma peke yangu kwenye nyumba ya mtu, RCD (ile breka ya usalama inayokata umeme ukivuja) inashuka kila wakiwasha pasi, nenda kaangalie. Darasani somo la instalesheni nilikuwa na A, fomula zote kichwani, lakini nilivofungua kifuniko cha ile DB, boksi la breka, nikabaki naangalia nyaya kama mtu anaangalia sahani ya tambi, nazima breka, nawasha breka, nazima tena, mama mwenye nyumba kaniletea chai nikainywa taratibu makusudi ili nipate muda wa kufikiri. Mwisho ikabidi nipige simu. Akaja saidia fundi wetu mmoja ambae hata cheti hana, akazima kila kitu, akachomoa nyutro (nyaya za kurudishia umeme) moja moja, dakika kumi kashapata: nyutro ya soketi za jikoni ilikua imebanwa na skrubu, imechubuka, inagusa boksi la chuma.

Yule jamaa hakunizidi akili. Alinizidi mara, yani kosa lile alishakutana nalo mara nyingi na mi sikuwahi kukutana nalo hata mara moja. Na hilo ndo jambo zima la mwongozo huu, namna ya kukutana na makosa mengi kadri inavyowezekana kabla hujaanza kulipwa, ukiwa bado uko chuoni, iwe VETA, DIT, Arusha Tech, Mbeya pale MUST au chuo chochote cha mtaani kwenu. Naongelea umeme wa majumbani kwa sababu ndo ninaoujua, ila anaesoma magari au mafriji nae atajiokotea vya kwake humu.

HATUA YA 1: NUNUA VITU VICHACHE, NUNUA VYA KWAKO

Usisubiri vifaa vya karakana. Karakanani mko arobaini na multimita nne, na hizo nne mbili betri zimekufa, we utashika saa ngapi.

Cha kwanza kabisa multimita. Hata ile ndogo ya manjano DT830 inatosha kujifunzia, bei yake kama bando la mwezi, ukikosa bando mwezi mmoja hufi. Ila iache kwenye kujifunzia na kwenye mambo yaliyozimwa, ukianza kupima umeme wa ukweli kwenye DB tafuta yenye waya nzuri za kupimia na maandishi ya CAT III, yani imetengenezwa kuhimili umeme wa DB, hizo za bei chee waya zake zinachomoka ukiwa unapima na ncha ya chuma inabaki wazi mkononi mwako. Alafu praizi yenye mpini wa plastiki ya umeme, bisibisi mbili (bapa na ya nyota), kisu au mashine ya kumenyea waya, futi ya kupimia, tepu nyeusi. Tindo, nyundo, pima maji, msumeno wa chuma na springi ya kupindia paipu hivi vitakuja ukianza kwenda saiti, usinunue leo.

Ile testa ya bisibisi yenye kitaa ndani kuwa nayo lakini usiiamini. Inaweza isiwake kumbe umeme upo, umesimama tu kwenye kitu kinachokutenga na ardhi basi kitaa kinafifia hukioni kwenye mwanga wa jua, na inaweza ikawaka kidogo kwenye waya ambao hauna umeme wa maana. Watu wamepigwa shoti kwa kuamini kile kitaa.

Ukienda Kariakoo kununua waya nenda na kisu. Menya ncha, kwaruza uzi mmoja wa ule waya, ukiona ndani ni mweupe kama sufuria basi hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha. Shaba ya kweli ukiikwaruza mpaka ndani ni nyekundu ileile. Muuzaji akikukatalia kukwaruza hapo hapo una jibu lako.

HATUA YA 2: TENGENEZA UBAO WAKO WA GETO

Hii ndo hatua iliyonibadilisha mimi baada ya ile aibu ya chai. Tafuta kipande cha plaiwudi futi nne kwa mbili, hata mlango wa kabati uliovunjika, uegemeze ukutani geto. Funga juu yake: DB ndogo ya njia nne, RCD ya miliampea 30, breka moja ya ampea 6 na moja ya 20, swichi ya kawaida moja, swichi za tuwei mbili (zile za kuwashia taa moja kutoka sehemu mbili), holda za taa mbili, soketi mbili za pini tatu. Waya wa 1.5 kwa taa na wa 2.5 kwa soketi (hizo ni milimita za mraba, unene wa shaba), mita kumi kumi zinatosha kwa sababu utazifungua na kuzifunga mara mia. Vingi utavipata kwa mafundi wanaobomoa nyumba za zamani, waombe, wanavitupaga.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Wiki mbili za kwanza huo ubao usiuchomeke kwenye umeme wa Tanesco. Tumia betri ya volti 12, ya pikipiki au ya sola, na balbu ndogo ya volti 12. Taa ya swichi moja, taa ya ngazi, taa mbili swichi mbili, vyote vinafuata mantiki ileile kwenye volti 12 kama kwenye 230, tofauti ni kwamba kwenye 12 ukikosea unacheka. Weka fyuzi ndogo tu karibu na betri kwa sababu betri nayo ikigusana inaweza kuyeyusha waya na kukuunguza, volti ndogo haimaanishi moto mdogo.

Zoezi la kwanza, taa moja swichi moja, na hapa kuna kosa ambalo mafundi Maiko wanalifanya kila siku mjini: swichi lazima ikate laivu, waya unaoleta umeme, isikate nyutro. Ukikata nyutro taa inazima kweli na mteja anafurahi, lakini holda bado ina umeme, siku anabadilisha balbu juu ya stuli ndo atajua. Ukiingia nyumba ukaambiwa taa za LED zinabaki zinang'aa kwa mbaaali usiku zikiwa zimezimwa, kitu cha kwanza kagua hicho.

Zoezi la pili, taa ya ngazi. Swichi ya tuwei ina sehemu tatu, C, L1 na L2. Laivu inaingia C ya swichi ya chini, L1 kwa L1, L2 kwa L2, alafu C ya swichi ya juu inakwenda kwenye taa. Kwenye karatasi ni rahisi, kwenye paipu ambako nyaya zote umevuta rangi moja kwa sababu bosi kaishiwa rangi nyingine ndo utajua hujui, kwa hiyo fanya zoezi hili mara ya pili kwa nyaya za rangi moja tupu, utambue kila ncha kwa multimita kwenye mlio wa piii.

La tatu soketi. Ukiitazama usoni pini ya ethi (waya wa ardhini) iko juu, laivu iko kulia, nyutro kushoto. Kariri mpaka uote usiku.

La nne ni DB yenyewe na hili fanya polepole. Ukishaweka RCD, nyutro za sakiti zote zilizo chini yake lazima zirudi kwenye baa ya nyutro inayotoka kwenye hiyo RCD. RCD haina akili nyingi, inalinganisha tu umeme uliokwenda na uliorudi, ukipishana inashuka. Ukichukua laivu kwenye sakiti moja na kuazima nyutro ya sakiti nyingine ambayo haiko chini yake, hesabu haziwiani, inakata na itaendelea kukata milele mpaka mtu aje aichomoe aseme RCD mbovu. Asilimia kubwa ya RCD "mbovu" nilizokutana nazo zilikua nzima kabisa.

Na kuhusu rangi, utakutana na za zamani za Kiingereza, nyekundu laivu na nyeusi nyutro, na mpya, kahawia laivu na bluu nyutro. Sasa kwenye fezi tatu ndo kuna mtego: zamani fezi zilikua nyekundu, njano na bluu, nyutro nyeusi. Mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro bluu. Yani nyeusi na bluu zimebadilishana kazi. Jengo limeongezwa vyumba baada ya miaka, upande mmoja rangi hizi upande mwingine zile, ukiamini rangi utakufa. Pima.

HATUA YA 3: CHEZA MCHEZO WA KUFICHIANA KOSA

Tafuta mwenzako mmoja tu aliye serious. Unatoka nje ya chumba, yeye anaweka kosa moja kwenye ubao wako, anakuita, anaanza kuhesabu dakika. Ukilipata mnabadilishana. Mi na rumeti wangu tulikua tunafanya hivi jioni tatu kwa wiki, aliyeshindwa anapika.

Makosa ya kuanzia: skrubu imelegezwa, laivu na nyutro zimegeuzwa kwenye soketi, C na L1 zimebadilishwa kwenye swichi ya ngazi, waya umekatwa ndani ya insulesheni (unaukunja kunja mpaka shaba ikatike, nje huoni kitu), na yule mwanaharamu wangu, nyutro inayogusa ethi.

Kwa huyu wa mwisho nakupa njia nzima kwa sababu ndio utakutana nae sana, na ndio anaowatoa watu jasho. RCD inashuka. Unazima breka zote, unapandisha RCD. Ikikaa, unawasha breka moja moja mpaka ishuke, sakiti hiyo ndo ina shida, mpaka hapo kila mtu anajua. Ila kuna siku utazima breka zote na RCD bado inashuka, au inashuka ukiwasha sakiti hii, ukiizima ukawasha nyingine inashuka pia, unaona kila sakiti ni mbovu. Hapo ndipo mi nilipogandia. Siri ni kwamba breka ya kawaida inakata laivu peke yake, nyutro inabaki imeunganishwa muda wote. Kwa hiyo nyutro ya jikoni ikigusa ethi, mzigo wowote nyumba nzima ukiwashwa, hata pasi ya chumbani, sehemu ya umeme unaorudi inakwepa kupitia ethi, RCD inaona upungufu, inashuka. Zima meini swichi, hakikisha kumekufa, chomoa nyutro zote kwenye ile baa, weka multimita kati ya ethi na kila nyutro moja moja. Inayolia ndo hiyo. Alafu ifuate boksi kwa boksi, anza na za jikoni, bafuni na nje kwenye unyevu, na zile zilizofungwa kabati au fremu ukutani baada ya fundi kuondoka maana misumari haina macho.

Multimita lakini inatumia volti ndogo, kosa la unyevu inaweza isilione. Kwa hiyo ukiwa fildi popote ukiona mashine ya kupimia insulesheni, ile watu wanaiita mega, ing'ang'anie. Kwa nyumba ya kawaida unapima kwa volti 500, vifaa vyote vimechomolewa, balbu zimetolewa, maana volti hizo zinaua chaja na taa za LED. Chini ya megaomu 1 sakiti hiyo haipiti, na wayaringi mpya safi inatakiwa isome juu huko mbali, ukipata megaomu 2 kwenye nyumba mpya usishangilie, kuna mahali pana maji au pamechubuka.

Na kile kitufe cha T kwenye RCD, kibonyeze kila ukimaliza kazi, ila jua kinapima RCD yenyewe tu, hakikuambii kama ethi ya nyumba ipo. Nimeona nyumba kitufe kinafanya kazi vizuri kabisa na waya wa ethi haujafika hata kwenye rodi, umekunjwa tu ukaachwa kwenye shimo.

Kabla hujaacha volti 12 na kwenda 230, zoea kitu kimoja mpaka kiwe kama kunawa mikono kabla ya kula: pima mahali unapojua pana umeme, pima mahali unapotaka kushika, rudi pima tena pale penye umeme. Hiyo ya tatu watu wanairuka, kumbe ndo inayokuambia multimita haijafa katikati. Ukizima breka ifunge kwa tepu, bandika karatasi "FUNDI YUKO KAZINI USIWASHE", na kama nyumba ina watoto au shemeji mjuaji weka mtu asimame hapo. Mara ya kwanza kuuchomeka ubao kwenye 230 awepo mwalimu au fundi mzoefu pembeni. Ndala hapana. Na mita ya LUKU na nguzo ni mali ya Tanesco, sili usiiguse, nguzo usipande, hata mteja akulilie.

HATUA YA 4: HESABU KIDOGO TU, ILA HIZO KIDOGO ZIJUE

Wati gawa kwa volti unapata ampea. Hita ya kuogea ya wati 5500, gawa kwa 230, ni karibu ampea 24. Sasa angalia kinachotokea mtaani: fundi kaweka waya wa 2.5 na breka ya 20, mteja akioga muda mrefu inakata, fundi anapigiwa simu, anakuja kubadilisha breka anaweka ya 32, haikati tena, kila mtu kafurahi. Kumbe breka ilikua inamwambia waya mdogo, yeye kaiziba mdomo, sasa waya wa 2.5 ndani ya plasta unabeba 24 na breka inasubiri 32. Hapo jibu ni waya wa 6 na breka ya 32. Breka inalinda waya, hailindi hita, ukielewa sentensi hiyo umeelewa nusu ya kazi.

Kwa taa waya 1.5 na breka ya 6 au 10, soketi 2.5 na breka ya 20, jiko la umeme angalia kibati chake cha wati ndo uhesabu, usikisie. Jifunze kuandika orodha ya vifaa kwenye Excel au Google Sheets, idadi, bei, jumla. Na mchoro wa nyumba usiuchore kwenye boksi la sigara, programu ya QElectroTech ni ya bure na inakaa hata kwenye laptop mbovu. Kwa wanaotaka viwandani, programu ya CADe SIMU itakufundisha kontakta (swichi ya mota) na stata ya nyota na delta (namna ya kuwasha mota kubwa) bila kuunguza hata kontakta moja. Hiyo nyota delta elewa kwa nini ipo, mota ikianza kwa nyota inavuta theluthi tu ya umeme ambao ingevuta ikianza moja kwa moja, ndo maana pampu kubwa za maji zinaanza hivo. Swali hili kwenye usaili wa viwandani linapendwa sana.

HATUA YA 5: FILDI USIIACHE IKUTAFUTE

Watu wanasubiri barua ya chuo itoke, wanazunguka nazo wiki ya mwisho wote sehemu zilezile, wanaishia ofisi ambayo inawapa kazi ya kutoa fotokopi. Anza miezi mitatu kabla. Nenda mwenyewe, asubuhi, umevaa vizuri, na umebeba picha za ubao wako kwenye simu.

Wapi? Maoni yangu, na najua kuna watakaobisha, jina kubwa la ofisi sio fildi nzuri. Ofisi kubwa unasimama nyuma ya watu sita unashika tochi. Mkandarasi mdogo mwenye leseni na saiti mbili tatu atakuchosha, utachimba ukuta kwa tindo mpaka mikono ipasuke, lakini ndani ya miezi miwili utakua umewaia nyumba kuanzia paipu mpaka DB. Ukipenda mota na jenereta nenda matengenezo ya hoteli, kiwanda, hospitali au mamlaka ya maji ya mkoa wako. Hoteli nazipenda kwa sababu kila siku kuna kitu kimeharibika, hakuna siku ya kukaa.

Ukifika, wiki ya kwanza usiwe mjuaji. Mafundi wakongwe waite mzee au fundi, wasalimie, fika kabla yao, jua bisibisi ya kila mtu inakaa wapi. Utatumwa maji na vocha, nenda. Ila ukirudi uliza swali moja, kila siku swali moja tu, "fundi, hii kwa nini umeiweka hapa na si pale?" Fundi akiona unauliza vya maana ataanza kukuita mwenyewe njoo uone. Dada zetu wanaosoma umeme, najua mtawekwa ofisini kuandika risiti, kataeni kwa adabu siku ya kwanza kabisa maana wiki ya tatu mtakua mmeshazoeleka huko. Na kama kuna jambo la hatari, mfano unaambiwa ushike kitu ambacho hakijapimwa, kataa tu hata kama watacheka.

HATUA YA 6: LOGIBUKU NA PICHA

"Leo tulifanya wayaringi." Hii ndo sentensi iliyojaa kwenye logibuku za wanafunzi wote, na haina faida hata kwako mwenyewe. Andika hivi: "Nyumba ya vyumba vitatu, taa ya korido haizimi kutoka swichi ya pili. Tulidhani swichi mbovu, tukabadilisha, bado. Kupima tukakuta C na L2 zimebadilishwa kwenye boksi la kwanza. Tulitumia saa 2, tungeanza kupima ingekua dakika 15." Ona hapo kuna kosa, kuna dhana yenu ya kijinga, kuna suluhisho. Kurasa thelathini za namna hii ni mali, kwenye usaili ukiulizwa niambie tatizo uliwahi kulitatua huanzi kutunga.

Picha piga kabla paipu hazijafunikwa na plasta, piga na futi ikionekana, baada ya plasta hakuna atakaeamini. Piga DB ikiwa wazi na ikiwa imeandikwa majina ya sakiti. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, usioneshe sura za watu wala vitu vyao vya ndani. Weka kwenye folda moja kwa tarehe, sio kwenye galari pamoja na picha za harusi. Na usipost picha ya kazi ya fundi mwingine ukasema yako, huu mji mdogo.

HATUA YA 7: MAKARATASI

Hii fupi kwa sababu inachosha lakini usipoifanya utakwama. Ufundi stadi kuna ngazi tatu za VETA, NVA Level 1 mpaka 3, vyuo vya kati viko chini ya NACTVET kwa NTA 4 mpaka 6. Kama una ndugu amefanya kazi miaka mtaani bila cheti mwambie VETA kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi aliopata nje ya darasa, anapimwa anachokijua, haanzi moja.

Cheti cha chuo sio leseni. Kufanya instalesheni za umeme Tanzania leseni inatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu wako, na maombi ya kuunganishiwa umeme Tanesco yanapita kwa mkandarasi mwenye leseni. Kwa hiyo ukiwa mwanafunzi fanya chini ya mwenye leseni, usikodishe muhuri wa mtu kwa elfu kadhaa, nyumba ikiungua maswali yatawafuata wote wawili. Kenya wenzetu hiyo kazi ya leseni iko EPRA, ukivuka mpaka kutafuta kazi anza kuulizia huko.

Mengine: namba ya NIDA, namba ya mlipakodi TRA, akaunti ya Ajira Portal ujaze mapema vyeti vikiwa vimethibitishwa, jiandikishe TaESA, huduma za ajira za serikali, maana wanapeleka wahitimu kwenye mafunzo ya uzoefu kazini. Leseni ya udereva hata ya pikipiki tu, daraja A, utashangaa ni matangazo mangapi ya fundi yanaitaka. SIVI ukurasa mmoja, na badala ya kuandika "mchapakazi na mwaminifu" andika "nimewaia nyumba 4 chini ya usimamizi, nimepima insulesheni, nimefunga stata ya DOL", yani ile ya kuwasha mota moja kwa moja.

Usaili wa fundi mara nyingi unapewa ubao wenye kosa na bisibisi. Unaona sasa kwa nini ule mchezo wa geto. Wanachoangalia kwanza sio umelipata kosa kwa dakika ngapi, wanaangalia kama ulipima kabla ya kushika.

HATUA YA 8: KAZI ZA KWANZA ZA HELA

Anza na marekebisho madogo, soketi iliyoungua, swichi, feni, taa za nje, na hata hapo awepo fundi unaemjibu. Soketi iliyoungua usibadilishe tu ukaondoka, iliungua kwa sababu, mara nyingi skrubu ililegea ikatoa joto au mtu kachomeka hita na jiko kwenye ekstensheni moja. Ukimweleza mteja sababu umeshapata mteja.

Bei ya wayaringi mtaani inahesabiwa kwa pointi, yani idadi ya taa, soketi na kadhalika, ulizia mafundi watatu wa eneo lenu ujue inaendaje, usishushe sana ukaharibu soko maana na we utaishi humo humo. Ufundi na vifaa tenganisha. Andika WhatsApp kabla ya kuanza: kazi ni hii, vifaa hivi, ufundi kiasi hiki, advansi kiasi hiki, nitamaliza siku hii. Mteja anaekataa kuandikiwa ndo yuleyule atakaesema hatukukubaliana hivo. Vifaa nenda nae dukani au mpe risiti, ile tabia ya kuongeza elfu tano kwenye kila roli ya waya inajulikana, wateja wananyamaza tu alafu hawakuiti tena.

Ukimaliza andika majina ya sakiti kwenye DB kwa maka, TAA, SOKETI JIKONI, HITA, alafu fagia. Kweli kabisa, omba ufagio ufagie vumbi la ukuta mwenyewe. Acha namba yako ndani ya mlango wa DB. Baada ya wiki mbili hivi rudi bila kuitwa, mwambie mwenye nyumba nimekuja kukaza skrubu, zima meini, pima, kaza zote kwenye DB na soketi zenye mzigo mkubwa, maana skrubu zilizobana shaba mpya zikishapata joto na kupoa mara kadhaa zinalegea. Ni nusu saa, usitoze kitu. Ile nyumba ya pasi na chai nilirudi hivo hivo, yule mama akanionesha jirani yake anaejenga.